Mkate wa Kizingitini

Kipande cha mkate nilikuwa nimekifikisha nusu pale mlango ulipofunguka, na Winnie Ballesty akanikuta nimechuchumaa kizingitini kwake kama paka aliyefumaniwa jikoni, mashavu yamevimba, makombo yamejaa ndevuni.

“Ned Heavey,” alisema polepole, “hicho unachokula ulipewa na nani?”

“Na mtu mkarimu, bibie, Mungu amzidishie.”

Hakucheka. Mimi nimetembea. Nimechimba mitaro Liverpool, nimechimba makaburi ya kipindupindu New Orleans, na siku zile nilikuwa nachimba mitaro ya mazizi kwa Waairishi wenzangu, wafuga kondoo wa nyika za Ajentina, upande wa Salto. Kote nilikopita wanawake wamenifukuza kwa ufagio, na mara nyingi nilistahili. Lakini hakuna aliyewahi kunitazama huku midomo ikimtetemeka vile.

“Hukuwekewa wewe,” alinong’ona. “Liliwekewa lile lenye njaa. Na unga wa mkate mwingine sina, na mume wangu Lar yuko mbali malishoni na kondoo. Ingia ndani upesi. Jua linakaribia utosini.”

Niliingia, na kitu cha kwanza kunipokea ni harufu. Viazi vilivyooza. Pale hakuna aliyewahi kupanda kiazi. Watu ni nyama asubuhi, nyama mchana, na mbwa hunusa mbavu nzima wakaziacha. Ila sisi tuliokuwa watoto kule kwetu wakati wa njaa kuu, harufu ile hatuiulizi jina.

Mezani aliketi binti yao, Delia, wa miaka sita. Mbele yake palikuwa na rundo la mifupa ya kondoo iliyogugunwa ikang’aa, na bado alikuwa anatafuna. Mikono yake ilikuwa myembamba kama mpini wa kijiko. Hakuniangalia. Macho yake yalikuwa kwenye nyama iliyobaki.

“Anakula hivi tangu mvua zilipokatika,” alisema Winnie, “na kila akila anakonda. Ned, mwanangu anakufa njaa na nyama iko mdomoni.”

“Lenye njaa ni nini?”

“Mamake Lar.”

Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuta. Mama huyo alikufa Westmeath, kule kwetu Ayalandi, njaa kuu ilipopamba moto, baada ya kumpa kijana wake tonge la mwisho na kumwambia kuwa yeye alishakula. Desturi yetu sote tunaijua: godoro la majani alilofia mtu huchomwa. Lakini Lar alikuwa mtoto, hana pengine pa kulala. Akalala juu yake. Alipokua akapanda nalo meli, maana kila abiria alijibebea matandiko, na siku ya kushuka Buenos Aires wenzake walipoyatupa yao majini, yeye alilikumbatia lake. Hapa sufu ni tele. Winnie akalijaza godoro sufu, na yale majani makavu ya ng’ambo akayamwaga nje, karibu na mlango.

“Chungulia,” alisema.

Nilichungulia. Nyika nzima ilikuwa ya manjano kwa ukame, lakini hatua chache tu kutoka kizingitini palikuwa na kiraka cha majani mabichi, yanafika magotini, yanayumba na upepo haupo. Majani ya njaa. Bibi yangu alituonya nayo: ukikanyaga penye maiti wa njaa, njaa yake inakuingia.

“Delia alikuwa akichezea pale,” Winnie alisema.

Basi jua likafika utosini. Ni saa ambayo nchi ile yote hulala, hata nzi. Tukasikia kutafuna. Hakukutoka mezani, kulitoka chini ya kizingiti, polepole, kama mtu asiye na meno. Kisha kucha zikakwaruza mlango na sauti ya mwanamke mzee ikasema, kwa lugha yetu ya kale ambayo watoto wa huku hawaijui, “Kipande tu, jamani.” Winnie aliziba masikio. Mimi, shujaa niliyevuka bahari mbili, nilikuwa chini ya meza. Sauti iliomba, ikalia, ikatukana, mpaka kivuli kilipoanza kurefuka ikanyamaza.

Hapo ndipo Delia alipousukuma mfupa. “Nimeshiba, mama,” alisema, akalala.

Jioni alikuja Doña Eduviges, mganga wa ng’ambo ya kijito, mwanamke wa kienyeji mwenye kiko mdomoni. Aliposikia habari ya mkate na jinsi ulivyoishia tumboni kwangu alinipiga bega nusura nianguke.

“Ulafi wa huyu umefanya kazi kuliko sala zenu! Kumbe mnafuga jini na mnalilisha wenyewe! Mfu hashibi. Mkimpa mkate anapata nguvu ya kula kwa tumbo la mtoto.” Akamgeukia Lar, aliyekuwa amerudi na vumbi lake. “Kesho, akija kuomba, chomeni majani na hilo godoro. Atakayewasha ni wewe uliyemnyonya. Na asipate hata kombo. Akipata, mtoto simwezi tena.”

“Unaniambia nimnyime mama yangu,” Lar alisema.

“Nakwambia.”

Alfajiri Lar aliweka kizingitini kwa siri nusu ya mkate uliobaki katika mkoba wake wa machungani. Tulijua kwa sababu ya Delia: kulipopambazuka tulimkuta anaguguna ukingo wa kitanda, fizi zinatoka damu, na mbavu zake zingeweza kuhesabiwa na kipofu. Winnie alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka, akakaa kumtazama mumewe. Mimi nilichukua koleo nikachimba mtaro kukizunguka kile kiraka, moto usije ukakimbia na nyika yote, na kila pigo la koleo lilitoa ile harufu, nikatapika nikaendelea. Godoro tukalitandaza juu ya majani.

Jua likafika utosini, na Doña Eduviges akampa Lar kijinga cha moto na kumsimamisha mlangoni, nasi nyuma yake, na kutafuna kukaanza, mara hii si chini ya kizingiti tu bali ndani ya kuta, ndani ya meza, ndani ya meno ya mtoto pale mgongoni kwa mama yake, aliyekuwa anatafuna shuka, anatafuna nywele za Winnie, na majani yale yakalala yote upande mmoja kama kwamba kuna mtu anatambaa humo kwa tumbo akija kwetu, akiburuta miguu isiyo na nyama, na harufu ikawa nzito hata moto wa kijinga ukafifia, na sauti ikaja karibu, si ya matusi tena bali ya upole, sauti ya kumlaza mtoto, ikisema: “Lar, mwanangu. Nilikwambia nimekula. Sikula.”

Ndipo nikaona kwamba mkono wa pili wa Lar ulikuwa mfukoni, na ulipotoka ulikuwa na nusu iliyobaki ya mkate.

“Lar,” nilisema. “Ndugu yangu, usifanye.”

“Ana njaa!” Alilia kama kitoto. “Winnie, humsikii? Mama yangu ana njaa!”

Mgongoni kwa Winnie, kutafuna kulikuwa kumeanza kupungua na mtoto akilegea, kama saa ya ukutani inayoishiwa ufunguo. Winnie akanyoosha mkono, akauchukua ule mkate kutoka kwa mumewe.

“Mama yako alishakufa, Lar. Huyu bado. Washa.”