Mstari Uliojirudia

Karatasi ilitoka kwenye printa ikinukia udi. Najma aliisogeza puani, akacheka, akampelekea Euphrasia, mwenzake aliyeuza kava za simu kwenye kona ya duka lilelile la steshenari, Mtaa wa Msimbazi.

"Dada, siku hizi wino unafukizwa?"

"Tona feki hiyo. Kariakoo hii wanashindwa kufeki nini?"

Wakacheka. Wangejua, wangefunga duka wakakimbia.

Jana yake asubuhi, mzee Khalfani alikuwa ameleta majina ya marehemu wa ukoo wake, yapangwe vizuri na kuchapwa, imamu ayasome alasiri kwenye khitma ya binti yake. Yalikuwa yametumwa kwa simu, shaghalabaghala, nafasi kubwakubwa na mistari mitupu. Mzee akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapa uangalie, mwanangu. Mgeni Khalfani wako wawili. Mmoja mama yangu. Mwingine binti yangu, nilimpa jina la bibi yake. Na mimi nina jina la babu yangu mzaa mama, ndiyo maana wanafanana mpaka jina la baba. Usiwaguse."

"Ondoa shaka, baba. Nimekuelewa."

Alielewa kweli, na hapo ndipo panapoudhi. Foleni ilifika barazani, na Najma alikuwa na ugonjwa wa haraka. Fundi alikuwa amemtegea makro kwenye kompyuta: anabonyeza kitufe kimoja tu, waraka mzima unasafishika, nafasi zilizozidi zinafutika, mistari mitupu inafutika, na mstari wowote uliojirudia unabaki mmoja. Kazi ya kutwa inaisha kabla hujapiga chafya. Akabonyeza. Akachapa. Hakusoma.

Sasa, siku hii ya harufu, mchana, mwanawe Moza wa darasa la pili alirudi kutoka shule akilia.

"Mama, mwalimu hajaniita. Anasema jina langu halipo."

Najma alifungua begi. Daftari la kwanza, jina hakuna. La pili, hakuna. Alama ya kalamu ilikuwepo, imebonyea kwenye jalada, ila wino umekwenda. Harufu ya udi ikazidi.

Euphrasia akainua uso, akamtabasamia Moza.

"Karibu, mtoto mzuri. Umetumwa na nani?"

"Euphrasia, acha utani," Najma alinong'ona.

"Utani gani? Kwani mtoto wa nani huyu?"

Na huyo ndiye aliyekuwa akimnywesha Moza uji toka hajaota meno. Najma akamvuta Moza karibu yake.

Wakati huohuo mzee Khalfani aliingia, na nyuma yake Shehe Abdulkadiri, mganga wa majini. Mzee hakusalimia.

"Khitma imesomwa jana. Mwanangu hakutajwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni alikuwa na jini lake, la kurithi. Kila Ijumaa alilifukizia udi. Majina yalipoisha kusomwa, lilipiga ukelele nyumba nzima ikasikia, likatoka. Nikajua linakuja kwako."

Shehe akafungua kitabu chake, akaanza kusoma, na kadiri sauti yake ilivyopanda ndivyo printa ilivyozidi kutema karatasi nyeupe, moja juu ya nyingine, zikamwagika sakafuni, na kitufe kile cha makro kikawa kinabonyea chenyewe, tap, tap, bila kidole, na nje soko zima likanyamaza, wapiga debe, spika, matoroli, kimya, kimya cha kuumiza masikio, mpaka Euphrasia akasimama wima, macho yamegeuka, akasema kwa sauti ya kikongwe wa kiume:

"Angesahau, ningesamehe. Huyu aliambiwa, akaitikia, akamfuta wangu kwa kidole kimoja."

"Nisamehe!" Najma alilia, amemkumbatia Moza kwa nguvu zote. "Mchukue mwingine yeyote, nichukue mimi, usimguse mwanangu! Namwandika sasa hivi!"

"Andika."

Aliandika herufi kwa herufi. Mgeni Khalfani. Mgeni Khalfani. Safari hii alisoma kila mstari. Shehe akawaombea wote wawili kwa majina yao, na mzee Khalfani akaitikia amina, machozi yakimtiririka hadi ndevuni.

"Wangu ametajwa," jini likasema. "Naondoka. Nilichokuja kuchukua, ninacho."

Udi ukakatika. Kelele za Kariakoo zikarudi kwa mpigo. Euphrasia akaanguka kitini, akaomba maji. Shehe akamhimidi Mungu, akafunga kitabu chake. Mzee Khalfani akampa Najma mkono, wakaagana.

Najma akajihisi mwepesi, mwepesi mno, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Alikuwa akilia muda si mrefu uliopita, hilo alilijua, mashavu yalikuwa bado mabichi. Alilia nini hasa? Ah, hofu ya jini, nani asiyeogopa. Akazima kompyuta, akachukua pochi yake.

Kitu kikamvuta baibui. Alikuwa mtoto wa kike mwenye sare ya shule, macho mekundu kwa kulia.

"Mama, twende nyumbani."

Najma akachuchumaa, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio, maana mtoto alimtia huruma kweli. Akaangaza barabarani, huku na huku.

"Usilie, mwanangu. Umepotea? Mama yako anaitwa nani?"