Pete ya Kwenye Bango

Walikutana kwenye foleni ya duka la uchapaji, saa tano asubuhi, mashine zikinguruma na watu wakisukumana kana kwamba karatasi zinagawiwa bure. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, miaka ishirini na tisa, gauni la kijani limenyooshwa kwa pasi, picha yake mkononi. Mchapaji, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, akainua kichwa, wino puani.

"Unachapisha nini, Mwalimu? Mitihani?"

"Mabango. Nagombea ubunge."

Foleni ikacheka. Fundi hakucheka. "Basi nianze kukuita Mheshimiwa mapema, nisije nikachelewa."

Mapenzi yakaingia hapo. Wiki sita simu hazikupoa.

"Umekula, Mheshimiwa?"

"Nimekula vumbi la mikutano mitatu."

"Na mimi umenikumbuka?"

"Kura yangu ya uhakika ni wewe tu, nitakusahauje?"

Sasa sikia upuuzi wa watu wazima. Kila mkutano swali lilikuwa moja, wala si la shule wala la maji: "Mume wako yuko wapi?" Mpinzani wake, mwanamume aliyekwisha kuacha wake wawili, hakuulizwa hata mara moja. Mwenyekiti wa chama, badala ya kumtetea mgombea wake, akaenda kwa Fundi kimya kimya.

"Kijana, mwanamke asiye na mume hachaguliki hapa. Mkono wake si umekaa kifuani kwenye picha? Mtie pete. Au hutaki ashinde?"

Na Fundi, kwa akili za mapenzi, akamtia. Dakika kumi za kompyuta, mabango elfu mbili mapya.

Mwalimu aliiona sokoni, kwenye bango, pete kidoleni mwake mwenyewe. Muuza mboga akamshika mkono. "Hongera mwanangu, umeolewa lini?" Akapiga simu pale pale.

"Nani kaniozesha?"

"Mpenzi, Mwenyekiti alisema nikitia pete..."

"Mwenyekiti alisema. Na mimi je? Kila siku unapiga kuuliza nimekula nini, hili likakushinda kuuliza?"

"Nilitaka ushinde."

"Ulitaka ashinde huyo wa kwenye bango. Mimi simjui." Akakata.

Hasira ile ilikuwa haki yake, nami sitaipunguza hata chembe. Mtu anasimama juani wiki kwa wiki akisema natosha hivi nilivyo, halafu anayempenda ndiye anakuwa wa kwanza kumsahihisha. Alasiri ile akapanda jukwaani. "Pete ile si yangu. Sina mume. Nani ana swali la maji?" Mwenyekiti akanuna, akaondoka na vipaza sauti vya chama. Mwalimu akaendelea kwa sauti ya darasani, na hadi safu ya nyuma walimsikia.

Siku tatu hakupokea simu ya Fundi. Siku ya nne, akitoka mkutanoni, akamkuta juu ya ngazi kando ya barabara, shati limelowa jasho, kopo la gundi mkononi. Alikuwa amechapa vipande vidogo vya karatasi, rangi ya ngozi ya Mwalimu, anabandika juu ya pete, bango moja moja.

"Umefika la ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Mia nane na arobaini."

"Rangi umekosea. Mimi ni mweusi zaidi ya hapo."

Fundi akakitazama kipande, akamtazama yeye. "Kweli. Nitachapa upya, nianze tena."

Mwalimu hakutabasamu, lakini ngazi ilikuwa inayumba, akaishika.

Uchaguzi ukaja, akashindwa kwa kura mia mbili na tatu. "Tulimwambia," Mwenyekiti akawaambia watu, kana kwamba aibu ni ya binti. Fundi alimsubiri mlangoni pa ukumbi wa kuhesabia kura.

"Pole, Mheshimiwa."

"Usiniite hivyo. Nimeshindwa."

"Umeshindwa mara moja tu. Mara ya kwanza nilikuvisha pete bila kukuuliza. Leo nauliza. Utakubali nikuoe?"

Mwalimu akamwangalia, macho mekundu kwa kukesha na kwa hasira ambayo bado haijamtoka.

"Nakubali," akasema. "Lakini miaka mitano ijayo nagombea tena, na picha ya bango naichagua mwenyewe. Mkono nitautia mfukoni."