Sauti ya Rodel

Magharibi ilikuwa inaingia Nerissa aliposhika dumu na kushuka kwenye chemchemi. Hema walikuwa wamekwisha kulisimamisha juu ya rasi, kwenye mivinje, na Rodel alikuwa amebaki huko akipigana na jiko la gesi, akilitukana kama anavyoitukana mitambo ya melini. Siku nzima walikuwa wametembea kando ya bahari, mara mchangani, mara juu ya majabali. Nyayo zilimwaka moto. Lakini moyoni alikuwa mwepesi.

Walikuwa mke na mume, ila kukaa pamoja hawakuwahi. Rodel alikuwa baharia, fundi wa mitambo kwenye meli za mizigo. Walipooana, maua ya harusi hayajanyauka, akaitwa melini. Tangu hapo ndoa yao ikawa ya simu. Nerissa alilala na simu sikioni, akaamka nayo juu ya mto. Aliijua sauti ya mumewe kuliko alivyoujua uso wake: inavyokwaruza akiwa na usingizi, inavyolivuta jina lake, “Neriii”, kama mtu anayesukuma mlango polepole. Mwili wenyewe ulikuwa bado mgeni kwake. Juzi tu alishtuka kuona mumewe ana kovu refu la kuungua begani, na hakujua alilipata lini. Ndiyo maana likizo hii Rodel akataka watoke, watembee pwani ya kisiwa chao cha Samar, walale nje wawili tu, wazoeane. Mama Puring, mamake Rodel, alinuna siku ya kuondoka, lakini akawafungia wali na samaki mkavu kwenye jani la mgomba.

Kwenye chemchemi palikuwa na mtu.

Mwanamke, umri wake haushikiki, amechuchumaa anaosha mchele kwenye chungu. Mchele mweusi. Nerissa alipiga hodi, kama bibi yake alivyomzoesha kupiga hodi hata mahali pasipo na mlango. Mwanamke akasogea kumpisha.

“Mko wangapi huko juu?”

“Wawili, mama. Mimi na mume wangu.”

“Kesho asubuhi bahari inakupwa sana. Vukeni mje Hinago. Nyumba ni moja tu kisiwani, hampotei.”

Aliinua uso akatabasamu. Kulikuwa na kitu kimepungua katika uso ule, na Nerissa hakukijua mpaka alipofika nusu ya kilima, dumu limemlemea bega. Kile kifereji kidogo kati ya pua na mdomo… hakikuwepo. Palikuwa laini, kama mgongo wa kijiko.

Kwao Samar kila mtoto anaambiwa maana ya sura ya namna hiyo: mwenye nayo si binadamu, na chakula chake hakiliwi.

Rodel alicheka mpaka akakohoa. Alisema melini ameishi na watu wasio na vidole, wasio na masikio, na mmoja asiye na aibu, na wote walikuwa binadamu. “Sasa mtu katualika, tumkatae kwa ajili ya pua?” Nerissa naye akacheka. Hakutaka kuonekana mshamba mbele ya mwanamume aliyeizunguka dunia.

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa kweli. Fungu la mchanga lilikuwa limetokeza kutoka rasini hadi kisiwani, jeupe, limejipinda. Walivuka wakiwa wameshikana mikono, viatu shingoni. Rodel alikuwa anaimba. Hiyo ndiyo picha ya mwisho nzuri aliyobaki nayo.

Nyumba ilikuwa ya mianzi, imezungukwa na migomba mirefu kupita kawaida. Mwanamke aliwakaribisha kwa adabu, akawaandalia wali mweusi na samaki asiye na chumvi. Nerissa aliomba radhi, akasingizia tumbo. Rodel alikula. Alisifu, akaongeza. Kisha akauliza pa kunawa, akaelekezwa nyuma, migombani.

Wakabaki wanawake wawili.

“Unampenda?” mwenyeji aliuliza.

“Ni mume wangu.”

“Sikukuuliza hilo.” Alikuwa anakusanya punje za wali mkekani, moja moja. “Angechanganywa na wanaume wengine gizani, ungemjua?”

Swali lilimchoma, kwa sababu ya lile kovu. Akajibu haraka, kwa kiburi kidogo. “Ningemjua. Kwa sauti.”

“Kwa sauti,” mwanamke alirudia. Akaonekana kuridhika, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilipowekwa.

Nyuma ya nyumba migomba ilitikisika. Upepo haukuwepo.

Rodel alirudi akitembea taratibu, mkono umeshika koo. Alifungua mdomo kusema, pakatoka hewa tu. Akajaribu tena. Mnong’ono mkavu, kama jani linaloburutwa sakafuni. “Twende,” alisema. “Twende sasa hivi.”

Mwenyeji hakuwazuia. Aliwasindikiza hadi mchangani. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakawafika magotini, kisha mapajani. Nerissa alipogeuka katikati ya njia alimwona bado amesimama ufukweni, ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza.

Mchana wote Rodel hakuwa sawa. Alikaa mbele ya hema ameipa bahari kisogo. Nerissa alimchemshia tangawizi. Alimgusa paji la uso: baridi, na unyevunyevu. Na ilikuwepo harufu… harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi. Alimuuliza ameona nini kule nyuma. Alitikisa kichwa. Alimuuliza tena, naye akajaribu kueleza, lakini minong’ono ilikatika katikati ya maneno, na machozi yakamtoka. Nerissa hakuwahi kumwona mumewe akilia. Mwanamume yule anayelia bila sauti alimtia hofu zaidi ya huruma. Walikubaliana kukipambazuka waondoke.

Jua lilipozama walikuwa wamekwisha kujifungia hemani, taa ndogo inawaka kati yao.

Hapo ndipo walipoisikia.

“Neriii…”

Ilitoka mbali, juu ya maji. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, ikavutwa mwishoni. Nywele zilimsimama. Alimtazama Rodel. Midomo ya Rodel ilikuwa imefungwa.

“Neri, mke wangu, niko huku. Hawataki kuniachia.”

Mtu aliyekuwa naye hemani alimshika kifundo cha mkono. “Usiitike,” alinong’ona.

Mkono ulikuwa baridi. Nerissa alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagusa turubai.

“Neri, huyo uliyenaye si mimi. Ni mgomba. Wamechonga mgomba wakakupa, na wewe ukaondoka nao.”

Wazee wa kwao walisimulia mambo hayohayo: mtu huchukuliwa, pakaachwa gogo lenye sura yake, nalo likanyauka kitandani huku ndugu wanamwita padri. Nerissa aliyakumbuka yote kwa mara moja. Alikumbuka ubaridi, harufu, macho yasiyotaka kuitazama bahari.

Sauti haikunyamaza. Ilimkumbusha ile dhoruba iliyoikamata meli, Rodel alivyompigia simu kutoka chumba cha mitambo akilia kama mtoto, akamwomba asimwambie mama. Hilo hakulijua mtu mwingine duniani. Nerissa alimgeukia wa hemani, akamuuliza kwa ukali siku ile alimwambia nini. Alijibu. Alijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lakini kilichotoka kilikuwa pumzi tupu, na hakuna neno alilolishika.

Basi yule mtu akakichukua kiganja chake, akakikunjua, akaanza kuandika juu yake kwa kidole, polepole, herufi ya kwanza…

Nerissa aliunyakua mkono wake.

“Mchanje mkononi uone,” sauti ilisema. “Mchanje kidogo tu, Neri. Ukiona damu, niache nife.”

Panga la kukatia kuni lilikuwa karibu na mlango. Alilichukua. Yule mtu hakupigana. Labda aliona hiyo ndiyo njia ya kumwonyesha. Aliunyoosha mkono mwenyewe, akaugeuza, akamtazama machoni na kutikisa kichwa kukubali. Nerissa alimchanja.

Kilichotoka kilikuwa maji. Meupe, mazito, yanayonata.

Utomvu.

Aliinua taa akatazama tena. Utomvu. Mtu yule naye aliutazama mkono wake, akautazama uso wa Nerissa, na macho yakamtoka, kwa sababu alielewa kwamba hawaoni kitu kimoja.

“Umeona?” sauti ilisema, sasa inalia. “Haraka, mpenzi. Maji yananifika kifuani. Umalize huo mgomba waniachie.”

Aliumaliza. Haikuwa kazi ndefu. Mgomba haukatai panga. Midomo ile iliendelea kuchezacheza hadi mwisho, ikiunda jina lake bila sauti, na yeye alifumba macho asiione.

Ng’ambo kukanyamaza.

Nerissa alishuka ufukweni na taulo kavu, akakaa mchangani kumsubiri mumewe avuke.

Wanawake wa kuokota chaza walimkuta hapo asubuhi. Aliwasalimia kwa furaha, akawaambia Rodel anakuja, maji yakipwa tu atatokea. Aliwauliza kama wana kitu cha moto, mtu atakuwa na baridi. Walitazama nguo zake. Mmoja akapanda hadi kwenye hema, akafungua turubai…

Ndani hamkuwa na mgomba.

Alifungwa mahabusu mjini, kwenye jengo linalopakana na bahari. Mambo mengine yalibaki bila majibu. Askari wa kike aliyeifua blauzi ya Nerissa alisema damu ilitoka kwa maji ya kwanza, lakini chini yake lilibaki doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote, kama la mtu aliyevuna ndizi. Daktari aliyempima marehemu aliona koo zima, halina jeraha, ila alisema ndani lilikuwa kavu kupita kiasi, kama chungu kilichosahauliwa motoni. Wazee walisema alichukuliwa kile tu ambacho mkewe alikitaja. Askari waliandika wivu.

Mama Puring alikuja mara moja, akakaa mbele yake, akamtazama mpaka muda ukaisha.

Aliporudi, siku nyingi baadaye, alikuwa amebeba kapu. Alikuwa amekonda. Alieleza kwamba alikwenda rasini kuwasha mshumaa pale mwanawe alipofia. Jua linazama, anajiandaa kuondoka, akaitwa.

“Ananiita mama. Anasema ana njaa,” alisema. “Kila nikienda ananiita. Nimemzaa mimi, Neri, siwezi kukosea sauti yake. Lakini nilimwosha kwa mikono yangu, nikamzika.” Alimshika vidole kupitia nondo. “Wewe ulimsikia. Nimekuja kukuuliza wewe. Yule wa kisiwani ni mwanangu, au siye?”



Akisema siye, basi yule wa hemani ndiye aliyekuwa yeye. Aliyenyoosha mkono mwenyewe. Aliyemwandikia kiganjani neno ambalo hakulisubiri limalizike. Akisema ndiye, huyu mama atavuka.

Alimtazama mkwewe: kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu, vidole vyake vyembamba ndani ya vidole vya Nerissa. Mtu pekee aliyebaki kuja kumwona. Mtu pekee ambaye neno lake lingeweza kumfanya asiwe muuaji, hata kama ni mbele ya mtu mmoja tu.

“Ndiye, mama,” alisema. “Nilikata mgomba.”

Mama Puring alilia kwa kicheko. Alimwomba msamaha kwa siku zote alizomchukia. Aliibusu mikono yake, yote miwili, kila kidole. Akaliacha kapu, akaondoka akitembea kama msichana.

Wanawake wa chaza walimwona siku ya bamvua, akivuka fungu la mchanga na sufuria ya wali kichwani. Alikuwa anaongea njia nzima. “Nakuja, baba, nakuja, usilie.” Walimpigia kelele kwamba maji yanarudi. Hakugeuka. Sufuria ilielea mpaka rasini. Yeye mwenyewe hakupatikana.

Nerissa alipewa habari hizo jioni na askari wa mchana aliyekuwa anaondoka, akaomba ahamishiwe chumba kisicho na dirisha. Askari wa zamu ya usiku, bibi mnene asiyeamini mambo ya mashetani, alimwambia hii si hoteli.

Jua likazama. Alijifunika blanketi hadi kichwani, akaziba masikio kwa viganja, akabana mpaka akasikia damu yake mwenyewe.

Baadaye kidogo akahisi anaguswa mguu. Alifunua. Ni yule askari, ameshika funguo, amekasirika.

“Wewe umekuwa kiziwi?” alisema. “Mama mkwe wako yuko hapo nje anakuita muda wote huu. Muitikie basi, nikamfungulie.”