Wa Kwanza Mbele ya Kitambaa cha Bluu

Picha moja ilikataa kusimama.

Themanini na tano nyingine zilisimama bila ubishi. Nesta alizipiga akiwa ameilaza kamera ubavu, kama wanavyofanya wapiga picha wa vitambulisho ili mtu aenee kichwa na mabega, kwa hiyo ndani ya laptop watu wote walikuwa wamelala. Hilo kwake si tatizo. Ana programu yake: unaichagulia folda nzima, unatoa amri tatu, Geuza, Kata, Badilisha, halafu unakwenda zako kununua mihogo ya kukaanga. Ukirudi, watu wamesimama, wamekatwa saizi ya pasipoti, na yale mafaili mazito ya kamera yamebadilishwa kuwa jpeg nyepesi za kutuma kwa simu. Jumatatu ile aliamua kwenda amri moja moja, maana laptop ilikuwa imechoka. Akaanza na Geuza. Picha namba 001 ikabaki imelala.

Ilikuwa picha ya Eva, binti yake wa miaka saba.

Eva si mfugaji, na picha zile zilikuwa za kadi za kikundi cha wafugaji kule bonde la Momba. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, Nesta akaenda naye, na kila alipotega kamera mtu wa kwanza kusimama mbele yake alikuwa Eva, wa kupimia mwanga. Ndivyo alivyozoea. Ukimwambia leo kwamba kosa lilikuwa pale, atakutazama tu.

Halafu kulikuwa na habari ya kitambaa. Kikundi kilitaka picha zenye bluu nyuma, naye Nesta alikuwa amekisahau kitambaa chake Tunduma, juu ya meza ya pasi. Mwamvua, mke wa mwenyekiti, mtu wa Tabora, akaingia kwenye kijumba kidogo nyuma ya nyumba yake akatoka na kingine, kizito, kimekunjwa vizuri.

"Hiki hapa, mama Eva. Hakijavaliwa na mtu."

"Asante sana, dada. Jioni nitakurudishia."

"Nenda nacho tu. Nimekupa."

Kitambaa cha bure, kizuri vile, nani angekataa? Hata mimi ningebeba.

Basi Jumatatu hiyo Nesta akaigeuza picha ya Eva kwa mkono, akaihifadhi. Alipoifungua tena, mtoto alikuwa kichwa chini, mabega juu. Akasonya, akalaumu mashine. Wakati huohuo, kutoka kwenye mkeka nyuma ya kaunta ya studio, Eva aliyekuwa amelala mchana akaita kwa sauti ndogo.

"Mama, kwa nini dari liko chini?"

Nesta akainama kumtazama. Miguu ya mtoto ilikuwa juu ya mto, kichwa kimeingia chini ya meza, macho wazi, mikono imeshika mkeka kwa nguvu kama anayeogopa kuanguka.

Akamwinua, akampa maji, akamwambia ni ndoto. Nje malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, yanaunguruma kama siku zote, lakini feni ya laptop ilikuwa inatoa harufu. Fortunata, fundi cherehani wa mlango wa pili, akachungulia.

"Mama Eva, umeanza kufukiza udi?"

"Nifukize udi mimi, mlokole mzima?"

"Haya, basi mashine yako ndiyo imebadili dini."

Wakacheka. Jumanne hakuna aliyecheka.

Jumanne alitoa amri ya pili, Kata. Programu ile inatafuta sura ya mtu yenyewe, inaizungushia kimraba cha kijani, kisha inakata kwa kuifuata. Themanini na tano ilizikata barabara. Kwenye picha ya Eva kimraba kilimruka mtoto, kikaenda kutulia kando yake, kwenye kitambaa kitupu, juu, pale ambapo kingekuwa kichwa cha mtu mrefu aliyesimama naye bega kwa bega. Kisha fremu ikasogea kumpa nafasi huyo asiyeonekana, na kwa kusogea ikalikata sikio la kushoto la Eva.

"Eva!" Nesta aliita. Mtoto alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwake, amempa ubavu wa kushoto. Hakugeuka. Akaita tena, akapiga makofi, akapiga sufuria. Hakugeuka mpaka mama yake alipozunguka upande wa kulia.

"Mbona unanong'ona?" Eva aliuliza.

Hapo Nesta aliogopa, aliogopa sawasawa. Ilikuwa imebaki amri moja, Badilisha. Akaapa hataibonyeza. Akaizima laptop, akaifungia kabatini.

Jumatano asubuhi alipolifungua kabati, harufu ya udi ilimpiga usoni, na laptop ilikuwa imewaka yenyewe. Mstari wa kijani ulikuwa unatambaa kwenye kioo: faili moja, 001, inabadilishwa, asilimia thelathini na moja. Akabonyeza kusitisha, ikaja thelathini na mbili; akashikilia kitufe cha kuzimia mpaka kioo kikawa cheusi, akahesabu mpaka mia, akaiwasha akiomba kwa jina la Yesu iwe imesahau, na mstari ukarudi palepale, thelathini na tatu, na nyuma yake akasikia mtoto wake anakohoa kikohozi kizito cha mtu mzima.

Eva alikuwa amekaa mlangoni, amekunja miguu, mgongo umenyooka.

"We mwanamke," alisema. "Niletee kahawa. Chungu."

Mchungaji aliitwa. Akaomba kwa bidii, jasho likamtoka, na wakati wote wa sala mstari ulisimama kwenye hamsini na nane. Aliposema amina, ukaendelea. Fortunata ndiye aliyefuata harufu kwa pua yake mpaka kwenye rafu, akakivuta kitambaa cha bluu kwa ncha za vidole.

"Mama Eva," alinong'ona, "hiki umekitoa wapi?"

Nesta alimkumbuka Mwamvua. Alimfunga Eva mgongoni kama mtoto mchanga, akachukua laptop, kamera na kitambaa, akakodi Noah kwenda bondeni. Njia nzima, vumbi linaingia, gari linaruka mashimoni, alikuwa anaifungua laptop na kuifunga, sabini na mbili, anaifunga, sabini na tisa, anaifunga, na mgongoni mtoto wake anacheka polepole kwa sauti isiyo ya mtoto, pumzi yake ya moto inanukia udi, na dereva hataki hata kutazama kwenye kioo.

Mwamvua alikuwa uani anapepeta mchele. Alikuwa amenenepa. Uso ulikuwa umekunjuka kama wa mwanamwali. Alipomwona Nesta aliweka ungo chini, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajaulizwa kitu.

"Kitambaa chako hiki, chukua," Nesta alisema. "Mchukue na mwenzako."

"Siwezi."

"Mwanangu anakwisha, dada Mwamvua!"

"Miaka kumi na tisa," Mwamvua alisema kwa sauti ya chini, "sikulala hata usiku mmoja. Kitambaa hicho ni cha jini huyo. Anayesimamishwa mbele yake ndiyo ameonyeshwa kwake, na wa kwanza kusimama ndiye jini humwingia. Nilidhani utaanza na mzee yeyote, mtu aliyekwisha kula chumvi. Sikujua utaanza na mtoto."

"Ukaniona namsimamisha. Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Mwamvua alifuta macho kwa kanga. "Usiku ule nikalala."

Nesta alitaka kumrukia. Laptop ikalia mlio mdogo mkononi mwake: tisini na moja.

"Anatolewaje? Sema!"

"Hatolewi. Hupokelewa tu, na mtu wa damu moja na huyo aliyeingiwa. Mimi nilimpokea kutoka kwa mdogo wangu." Akamshika mkono. "Lakini lazima umtangulie mtoto, mama Eva. Na yeye tayari ni wa kwanza."

Wa kwanza. Nesta aliitazama folda yake. Programu ile haijui nani alisimama asubuhi na nani jioni. Inafuata namba.

Akamshusha Eva juu ya mkeka, akakitundika kitambaa ukutani kwa misumari ya nyumba ileile, haraka. Akaiweka kamera juu ya kinu, akaitegesha ijipige. Akasimama. Nyuma ya shingo yake kitambaa kilivuta pumzi. Kamera ikalia. Akachomoa kadi ya kamera, akaipakia picha yake kwenye folda, na mstari ukiwa kwenye tisini na saba aliandika jina la faili: 000.

Mstari ukasimama. Kisha ukarudi nyuma mpaka sifuri, na picha ya kwanza kwenye orodha ikawa ya Nesta. Iligeuka. Ikakatwa. Hakugusa kitu. Mwamvua alikuwa amejifunika uso kwa kanga, anasoma dua, na Nesta alikaa juu ya kigoda anautazama mstari unavyopanda, anamwambia Mungu maneno mafupi yasiyo na mpangilio, mtoto tu, mtoto tu, mwache mtoto, mpaka ilipoandika mia moja, kazi imekamilika.

Eva akaanguka kwenye mkeka. Akapiga chafya. Akakaa, akajishika sikio la kushoto, akatazama huku na huku kama mtoto aliyeamshwa safarini. Mwamvua alimkimbilia, akamnong'oneza kwenye sikio lilelile, "Unanisikia, mwanangu?"

"Ndiyo. Nina njaa." Akamwona mama yake juu ya kigoda, amekunja miguu, mgongo umenyooka, uso mtulivu kabisa. Akacheka kwa furaha, akanyoosha mikono. "Mama! Mama, twende nyumbani!"

Nesta akageuka, akatazama uani, akatazama mlangoni, akimtafuta mama wa mtoto yule.