Kisu cha Raihana na Matairi Vipara

Kila siku akitoka shule, Raihana alivua sare, akala kilichobaki sufuriani, kisha akaenda kwenye kibanda cha baba yake hapo hapo mtaani Buyenzi. Wenzake walikwenda kuruka kamba. Yeye alichochea makaa, akapasha kisu mpaka kikawa chekundu, akaanza kuchonga.

Baba yake, Twahiru, aliuza matairi yaliyotumika, au pine kama wanavyoziita Buyenzi. Mengi yalifika yakiwa vipara, laini kama kichwa cha Twahiru mwenyewe. Kichwa kilikosa dawa, lakini matairi yalipata. Raihana alikuwa na mkono mtulivu, ule ule uliompa sifa ya mwandiko mzuri darasani, na mifereji aliyoichonga ilinyooka kama ya kiwandani. Akimaliza alipaka siraji, ile dawa nyeusi ya viatu, na tairi likang'aa kama mzee anayeoa mke wa pili.

Siku moja aliona vinundu vidogo vya mpira ndani ya mifereji iliyokaribia kuisha.

"Baba, hivi ni vya nini?"

"Hao ni wambea," alisema Twahiru. "Pine ikilika mpaka ikalingana nao, wanatangaza kwamba imeisha. Kata. Na hapa ubavuni kuna tarakimu nne. Mbili za mwisho ni mwaka iliotengenezwa. Sugua na msasa."

Raihana alitazama. Tairi lile lilimzidi umri. Alisugua, kisha akakata. Kisu kilipozama, kiligusa kitu kigumu: nyuzi za chuma zilizo ndani ya mpira. Zilimeta kidogo. Alizifunika kwa siraji, akaliweka tairi pamoja na mengine ya kuuzwa.

Kesho yake alikuja Xavier, dereva wa teksi kutoka Musaga. Alitaka matairi mawili ya mbele. Xavier alikuwa mtu wa mzaha, na siku zote alimwita Raihana "patron", kana kwamba msichana ndiye mwenye kibanda, naye Raihana alimwita "tonton", yaani mjomba. Alichuchumaa, akapapasa lile tairi la jana, halafu akamgeukia msichana.

"Patron, baba yako ni mufanyabiashara. Ulimi wake nao umepakwa siraji. Mi nauliza we. Hii pine ni nzima?"

Raihana alimtazama baba yake. Twahiru alikuwa akikohoa, wala hakuwa na kikohozi.

"Ni nzima, tonton," alisema Raihana. Xavier akatoa pesa.

Mvua ilinyesha juma lile. Kwenye barabara ya kusini, kando ya ziwa, tairi la mbele la Xavier lilipasuka. Gari liliacha njia, likabiringika juu ya mawe. Mama Spès, muuza nyanya aliyekuwa amekaa mbele, alikufa pale pale. Xavier alikatwa mguu hospitalini. Watu mtaani walisema ni mapenzi ya Mungu, na Twahiru alikubali haraka kuliko wote.

Raihana hakuweza kula. Kila akifumba macho, aliona zile nyuzi zikimeta. Alitaka kusema, lakini angemwambia nani? Baba yake aliendelea kumpa matairi, naye aliendelea kuchonga.

Ndipo akaja Fortunat, dereva anayepeleka wanafunzi shule. Kila asubuhi Mélissa, rafiki yake Raihana, alipanda gari lile pamoja na wadogo zake.

"Twahiru, hizi pine ni nzima?" aliuliza Fortunat.

"Kama yai."

"Yai gani, la leo au la mwaka jana?" Fortunat alicheka. "Na we mutoto, unasemaje?"

Twahiru alianza kukohoa. Raihana alikisikia kikohozi kile, lakini mara hii hakumgeukia baba yake.

"Apana, tonton," alisema. "Zimekufa. Mi ndiye nazichonga. Na ile ya tonton Xavier, ni mi niliichonga."

Alichukua kisu, akapasua mfereji mmoja. Nyuzi za chuma zikatokeza. Fortunat alililaza tairi chini polepole, kama mtu anayelaza maiti, akaondoka.

Twahiru aliinua mkono. Mlangoni alikuwa amesimama mama yake, Bibi Mwantum, tasbihi mkononi.

"Mupige," alisema Bibi. "Ukimaliza, nenda umupige na Xavier. Amebaki na mguu mmoja, hatakukimbia."

Mkono ulishuka wenyewe. Twahiru alikaa juu ya tairi, akafunika uso.

"Mama, sasa tutakula nini?"

"Kata hizi pine ziwe sandali. Sandali ikikatika njiani, unaanguka peke yako. Huangushi mama wa watu na nyanya zake."

Jioni walikwenda wote watatu hospitalini. Twahiru alisema yote, amesimama. Xavier alimtazama Raihana. Safari hii hakumwita patron.

"Niliuliza we kwa sababu nilikuamini," alisema.

Raihana aliomba msamaha huku akilia. Xavier alivuta shuka, akageukia ukuta. Kutoka pale Twahiru alikwenda kwa jamaa za Mama Spès, na kutoka kwao akaenda polisi mwenyewe. Usiku ule hakurudi.

Bibi na mjukuu wake walirudi Buyenzi kwa miguu.

"Pine haina ulimi," alisema Bibi Mwantum. "Walioitengeneza waliipa vinundu na mwaka, ili iseme yenyewe imechoka kiasi gani. Sisi tukaiziba mdomo. We una ulimi, mjukuu wangu. Mutu akikuuliza neno ambalo uhai wake umelala juu yake, mwambie kweli mara ya kwanza, hata baba yako akikohoa mpaka mapafu yatoke. Mara ya pili wengine wanakuwa wamezikwa."

Asubuhi Raihana aliburuta tairi lililochongwa mpaka mlangoni, akapasha kisu. Bibi alivua kiatu, akaweka mguu wake mkavu juu ya mpira.

"Anza na hii," alisema. "Na usinipunje kisigino."