Shati Lililorudi Kavu

Kila jioni Venance aliporudi nyumbani Benaco, shati lake jeupe lilikuwa limelowa. Kwapani lilikuwa na michirizi ya chumvi. Mkewe, Bernadetha, alilisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikamuuma. Hakulalamika. Alijua mumewe ni karani katika ofisi ya wakala wa forodha mpakani Rusumo, na huko bondeni jua halina huruma.

Venance alikwenda kazini na suti nyeusi ya tetroni, tai shingoni. Suti hiyo alipewa na baba mkwe, mzee Telesfori wa Murukulazo, siku ya harusi, mbele ya watu wote. Mzee alisema mkwe wake wa ofisini asionekane kama mpakiaji mizigo. Watu walipiga makofi. Bernadetha alipiga kuliko wote.

Basi mwezi wa nane, joto lilipozidi, shati likaanza kurudi kavu.

Siku ya kwanza Bernadetha alishukuru Mungu. Siku ya tatu akaacha kushukuru. Alilinusa shati. Lilikuwa na harufu ya sabuni ya asubuhi, kama vile halikuvaliwa. Mtu anayefanya kazi Rusumo kutwa nzima, halafu hatoki jasho? Kama hakuwa ofisini, alikuwa wapi? Na shati alilivulia kwa nani?

Akamuuliza kwa upole jinsi kazi ilivyokwenda. Venance akajibu, "Salama tu," akainamia sahani yake. Jibu fupi hivyo lilimwongezea mkewe maswali.

Wiki hiyohiyo jirani yao Anjelika, ambaye hajui kufunga mdomo, alileta habari. Alikuwa amepita Rusumo. Alimwona Venance akiingia asubuhi kwa Kaneza, fundi cherehani, na koti mkononi. Alitoka bila koti. Kaneza ni mjane, Anjelika akaongeza, kana kwamba aliulizwa.

Lisemwalo lipo, Bernadetha alijiambia. Usiku hakulala. Asubuhi, Venance alipoondoka, alifungasha nguo zake kwenye begi, akaliacha nyuma ya mlango. Akithibitisha tu, anarudi kwao Murukulazo. Kisha akapanda bodaboda kwenda Rusumo.

Chumba cha Kaneza kilikuwa kando ya barabara, karibu na foleni ya malori. Kaneza alikuwa mama mtu mzima, miwani puani, mguu kwenye cherehani. Nyuma yake ukutani ilining'inia suti nyeusi. Pembeni yake, shati jeupe. Bernadetha aliijua hata mishono yake. Hakutoa hata shikamoo.

"Suti ya nani hiyo?" aliuliza.

"Ya Venance," Kaneza alijibu bila kushtuka. "Wewe utakuwa Bernadetha. Kaa, mdogo wangu."

Bernadetha hakukaa. Kaneza akaanza kueleza akiwa anashona. Alisema mwezi wa saba Venance alianguka ofisini kwa joto. Ofisi imeezekwa mabati, na haina hata feni. Siku nyingine jasho lilidondokea hati za lori, muhuri ukavuja wino, lori likazuiliwa mpakani siku nzima. Wateja nao walianza kukaa mbali naye kwa sababu ya harufu. Bosi akampa mwezi mmoja ajirekebishe, la sivyo aondoke.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na Bernadetha hakuwa tayari kutoka. Akauliza hayo yote yanahusianaje na suti kuvuliwa hapa.

Kaneza alisimamisha cherehani. Akachomoa uzi kwenye pindo la suti, na uzi mwingine kwenye kitambaa cha pamba. Akawasha kiberiti. Uzi wa suti uliyeyuka, ukawa kidonge kigumu. Uzi wa pamba uliwaka kama karatasi, ukawa majivu laini.

"Tetroni ni ndugu ya plastiki," alisema. "Haifyonzi jasho, na haipitishi hewa vizuri. Sasa weka pamba hii mdomoni, upulize."

Bernadetha alipuliza, akahisi pumzi yake kiganjani upande wa pili. Alipojaribu kwa suti, hakuhisi kitu.

Kaneza akamweleza kwamba heshima ya ofisini haipimwi kwa uzito wa nguo. Shati la pamba la rangi hafifu linatosha, lisibane, liwe na kola na lipigwe pasi. Suruali iwe ya kitambaa chepesi. Ndani, singlendi ya pamba inyonye jasho. Soksi zibadilishwe kila siku. Mtu aoge asubuhi, anywe maji mara kwa mara, na aweke shati la akiba ofisini. Koti libaki kwa siku ya wageni wakubwa. Ila kaptula, ndala na nguo inayoonyesha mwili, hizo hapana, hata jua likiwaka vipi.

"Nimemshonea mashati mawili na suruali," alisema. "Anabadilisha hapa, jioni anavaa tena nguo za kwenu. Nilimwambia akueleze. Kamuulize mwenyewe."

"Shikamoo, dada," Bernadetha alisema mwishowe, sauti ikiwa chini.

Ofisini alimkuta Venance mezani, amevaa shati la samawati lililonyooka, anamhudumia dereva. Uso wake ulikuwa mkavu na wa furaha. Alipomwona mkewe, ukabadilika. Wakatoka nje.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ile suti ni ya baba yako. Nawe ulipiga makofi kuliko wote. Niliogopa utaona nimemdharau."

"Venance, begi langu lipo nyuma ya mlango. Leo nilikuwa narudi kwetu kwa sababu ya shati."

Venance akamwomba msamaha, naye Bernadetha akaomba wake, kwani alikuwa ameshamhukumu.

Jumapili hiyo Bernadetha mwenyewe alikwenda kumweleza baba yake. Mzee alinung'unika kidogo, akaelewa. Mwezi ulipoisha, bosi alimwacha Venance kazini. Wenzake wawili wakaenda kwa Kaneza kupimwa mashati.

Siku moja Venance alirudi, akasimama mlangoni, akasema kabla ya kuvua viatu, hata kabla hajaulizwa.

"Bernadetha, nimeunguza lile shati la samawati kwa pasi. Mgongoni. Halifai tena."

Bernadetha alicheka mpaka akaketi chini. Tangu aolewe, hakuwahi kupokea habari mbaya iliyompa usingizi mzuri kama ile.