Pete Juu ya Kichanganya Mawimbi

Kwanza ilikuwa harufu. Fundi alirudi kutoka karakana ya kutengeneza vipimo vya redio akinukia marashi, na mkewe, mshonaji asiyejua kuficha hasira, akamshika ukosi.

"Ni nani huyo?"

"Mke wangu, kule kuna mashine tu."

"Mashine zinajipaka marashi siku hizi? Ebo!"

Kesho yake mchana akamfuata kazini. Mlangoni alimsikia akibembeleza: "Tulia, mpenzi. Tulia, mama." Wivu ukampanda hadi utosini, akausukuma mlango.

Hakukuwa na mwanamke. Mumewe alikuwa peke yake, ameinamia kijisanduku cha shaba kisichozidi kiberiti, akikipapasa kwa ncha za vidole, mkononi amefungwa waya wa ethi unaoshusha umeme wa mwilini ardhini usije ukakiunguza. Juu ya kijisanduku imekaa pete ya ndoa.

"Pete niliyokuvisha inafanya nini hapo?"

"Tukifungua kifaa tunavua vyuma vyote. Naiweka hapo isipotee, miaka miwili sasa." Akajaribu kumweleza. "Hiki ni kichanganya mawimbi. Wimbi linakuja kwa kasi, skrini ya kipimo haiwezi kulisoma. Humu ndani linakutana na jingine, na katika hayo mawili linazaliwa la tatu, la polepole, linaloonekana."

"La tatu! Kumbe yupo wa tatu, na unanitamkia usoni!"

Fundi akacheka, akachomoa waya unaoingiza wimbi. "Ona, sasa skrini itakuwa tupu."

Haikuwa tupu. Mstari mmoja ulisimama katikati, mwembamba. Mke alipopiga hatua, ukapanda. Alipomshika mumewe bega ukapanda zaidi, spika ya kipimo ikaanza kuvuma, marashi yakajaa chumba kizima, na ule waya wa ethi ukajivuta wenyewe, ukamkaza fundi kifundo cha mkono mpaka vidole vikaanza kuwa vyeusi, na hapo mke akaelewa, Mungu wangu, kwamba jini aliyemo humo hakuvamia, alibembelezwa na akavishwa pete, kila asubuhi, kwa miaka miwili.

"Ng'oa moyo wake," alinong'ona.

"Diodi, hiyo inayochanganya mawimbi? Ni chembe tu, bei yake..."

"Ng'oa, baba, nakuomba!"

Kwa mkono wa kushoto fundi akaibana ile chembe kwa kibano na kuing'oa. Mstari ukalala. Waya ukalegea. Mke akaipokonya pete, akamvisha mwenyewe, na njiani alicheka na kulia kwa pamoja. Mume wake amerudi.

Nyumbani alimvua pete ili ampake dawa mkononi. Akaigeuza. Ndani, palipochongwa jina lake yeye mke siku ya harusi, palikuwa laini kabisa, bila herufi hata moja.

"Niite jina langu," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi akafungua mdomo. Akatafuta. Akatafuta sana, maskini.

"Tulia, mpenzi," akasema hatimaye, akimpapasa bega kwa ncha za vidole, vilevile alivyokuwa akiipapasa shaba. "Tulia, mama."